Kuendesha galari ya sanaa mji mdogo wa jangwani Australia, naombeni mwongozo

MamaZai aliuliza:

Habarini ndugu zangu, naomba mwongozo kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye galari au anayechora na kuuza huku Australia, hasa kule bara kabisa, sio Sydney wala Melbourne.

Tunaishi mji mdogo magharibi ya mbali ya New South Wales, Broken Hill ndo mjini kwetu, kule ndo tunanunua chakula cha mwezi na kumuona daktari. Mume wangu anaendesha greda la barabara za vumbi. Mji wenyewe una hoteli moja, pampu ya mafuta, posta ya nusu siku na galari moja ya sanaa kwenye jengo la mawe la enzi zile za machimbo ya madini ya fedha. Mwenye galari ni mama mtu mzima, mchoraji, na mimi nimekuwa nikimsaidia kupokea wateja, sasa anataka kuhamia Adelaide karibu na wajukuu wake na ameniambia kama naitaka ataniachia mimi kabla hajatangaza kwa watu wengine. Pango sio kubwa. Ila anataka nilipie pia picha zilizopo ukutani na jina la biashara, na hapo ndo nakwama, maana kipindi cha joto unaweza kukaa mpaka jioni hajaingia mtu, jina la biashara linakuwa na thamani gani hapo?

Naipenda sana hii kazi, niseme ukweli. Mtu anaingia kachoka na safari, kofia imejaa vumbi, anasimama mbele ya picha ya mto mkavu uleule aliotoka kuuvuka asubuhi na anaanza kuuona upya, anakwambia hakujua kama ule mchanga una zambarau ndani yake. Hilo limenishika moyo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Maswali yangu: galari kama hii inaweza kulisha familia au ni ya kusaidiwa na mshahara wa mume? Picha ni bora kuzinunua au kuzichukua mali kauli kwa wachoraji? Kuna kazi za Waaborijini pale ukutani, zile za nukta nukta, watalii wanaziulizia kila siku, naziendeleaje bila kumdhulumu mtu? Na la mwisho ni vumbi na joto, maana nina mtoto mdogo ambaye nitakuwa naye pale dukani muda wote. Natanguliza shukrani.

kaka_wa_perth:

Dada usilipie jina. Mwambie akupe mauzo ya miaka mitatu iliyopita mwezi kwa mwezi, sio jumla ya mwaka, mwezi kwa mwezi, alafu ukae na mume wako muangalie miezi ya kumi na mbili mpaka wa pili inaonekanaje. Kama hana hizo rekodi basi anachokuuzia ni jengo la kupanga na picha zilizobaki, na picha zilizobaki ukutani miaka yote hiyo ujue zimebaki kwa sababu fulani. Mi nimekaa huku miaka mingi nimeona biashara nyingi za miji midogo zinauzwa kwa mapenzi ya anayenunua. Sikukatishi tamaa, ila mapenzi yako kwa hiyo kazi yasiwe ndo bei.

fundi_fremu:

Mama Zai karibu, tuko jirani, mimi natengeneza fremu hapahapa Broken Hill. Nianze na vumbi kwa sababu ya mtoto, mengine yatafuata.

Ardhi ya Broken Hill ina risasi, yale madini ya sumu, kwa asili yake na kwa zaidi ya miaka mia ya uchimbaji, na vumbi lake linaingia majumbani. Sijui mji wenu ukoje lakini kwa kuwa jengo ni la enzi za machimbo usibahatishe. Usifagie kwa ufagio mkavu, pangusa kwa kitambaa kibichi, sakafu na vizingiti vya madirisha kila siku, mtoto anawe mikono kabla ya kula, na kampime damu, vipimo vya watoto wadogo wa Broken Hill vinafanyika na manesi wa hapa wanalijua hilo jambo vizuri kabisa. Rangi za zamani kwenye milango nazo usizikwangue bila kujua zina nini. Hili fanya hata kabla hujasaini karatasi yoyote.

Sasa picha. Angalia jengo linapozwa kwa mashine gani. Nyumba nyingi za huku zina zile mashine za kupoza kwa maji, zinavuta hewa ya nje zinaipitisha kwenye pedi zilizolowa, na ili zifanye kazi lazima uache dirisha wazi hewa itoke. Kwa binadamu ni nafuu na ni nzuri, kwa picha ni mtihani, maana mchana unaingiza unyevu alafu usiku ukizima hewa inakauka tena, kanvasi inalegea inakaza, karatasi inajikunja ndani ya fremu, na siku ya tufani ya vumbi lile dirisha ndo mlango wa vumbi lenyewe. Kama huna uwezo wa kuweka mashine ya kawaida ya kiyoyozi jengo zima, weka chumba kimoja cha nyuma, kile chenye kuta nene za mawe, kazi za karatasi zote zikae humo. Na picha isining'inizwe kwenye ukuta unaopigwa na jua la magharibi, hata kama ndo ukuta mzuri kuliko zote.

Alafu fikiria mteja wako amekuja na nini. Wengi wa huku ni wastaafu wenye karavani, wanazunguka nchi miezi ya baridi kuanzia wa nne mpaka wa tisa au wa kumi hivi. Karavani haina ukuta! Mtu anaipenda picha ya mita moja na nusu kwa moyo wake wote lakini ataiweka wapi, ndani kuna kitanda na jiko. Kwaiyo uwe na njia tatu. Kazi ndogo zinazoingia kwenye droo. Kazi za kanvasi ambazo hazijawambwa, unazikunja rangi ikiwa upande wa nje, karatasi laini katikati, unaziingiza kwenye bomba la kadibodi, rangi ya akriliki inavumilia vizuri kukunjwa. Na kazi kubwa unazozituma wewe mwenyewe nyumbani kwao, wao waendelee na safari. Hii ya tatu ndo inaleta pesa ya maana, lakini lazima ujue kabla gharama ya kusafirisha toka mjini kwenu mpaka Brisbane au Hobart, uiandike kwenye karatasi pale kaunta, mteja asisubiri wewe upige simu, akishatoka mlangoni kasema atafikiria basi keshafika mpaka wa Queensland.

Na jambo la umeme. Mwezi wa kumi 2024 dhoruba iliangusha minara ya umeme mkubwa na huku magharibi ya mbali tulikaa siku kadhaa umeme unakuja unakatika, mtandao wa simu nao hivyohivyo. Mashine za kadi zilikuwa mapambo tu. Uwe na daftari la risiti la mkono na chenji kidogo, na bei ziandikwe kwenye picha zenyewe sio kwenye kompyuta.

hesabu_safi:

Nafanya kazi za uhasibu Adelaide, wateja wangu wachache ni wasanii na galari ndogo, kwaiyo nichangie kwenye mali kauli au kununua.

Mali kauli kwa kuanzia, bila shaka. Mtaji wako utakaa kwenye fremu, taa na usafiri badala ya kulala ukutani. Kamisheni ya galari huku mara nyingi utasikia kati ya asilimia 30 na 50, wengi 40. Lakini andikeni mkataba kwa kila kazi: jina la kazi, ukubwa, bei iliyokubaliwa, nani analipia fremu, nani analipia usafiri wa kurudisha isipouzwa, inakaa kwako mpaka lini, na pesa ya msanii inalipwa ndani ya siku ngapi tangu mteja alipe. Hiyo ya mwisho isiachwe wazi hata kidogo.

Pesa ya msanii sio pesa yako. Fungua akaunti ya benki ya pili, kila ikiuzwa picha, fungu la msanii linaingia huko siku hiyohiyo na haliguswi kwa umeme wala mafuta ya gari. Mimi nikiona galari imefungwa na wasanii wanalia, mara nyingi chanzo ni hapa, mtu hakuwa mwizi, alikuwa na akaunti moja na msimu ukawa mbaya.

Tena hapo kuna sheria ambayo wasanii wengi hawaijui. Tangu mwanzoni mwa 2012 kuna daftari la taifa la dhamana za mali, linaitwa PPSR. Galari ikifilisika, picha ya mali kauli ambayo haijaandikishwa kule inaweza kuhesabiwa pamoja na mali za galari na wadai wakaichukua, hata kama msanii ana mkataba mkononi. Msanii anajiandikisha mwenyewe, ada yake ni dola chache tu. Wewe ukiwa galari inayowaambia wasanii wako jambo hili na kuwasaidia kujaza, nani atakataa kukuletea kazi?

GST, ile kodi ya bidhaa na huduma, ni lazima kujiandikisha mauzo ya mwaka yakifika dola 75,000. Hapa mkataba una maana kubwa, kama wewe ni wakala wa msanii basi kinachohesabika kama mapato yako ni kamisheni, ukinunua picha na kuiuza kama yako inahesabika bei yote. Kaa na mhasibu kabla ya mauzo ya kwanza.

Kuna na hili la kununua hizo picha za mama mwenye galari. Tangu tarehe 9 Juni 2010 Australia ina haki ya msanii kwenye mauzo ya marudio. Kazi ikiuzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia 5 inaenda kwa msanii, au kwa warithi wake mpaka miaka 70 baada ya kifo, na taarifa zinapelekwa Copyright Agency ambao ndo wanakusanya. Kazi inayotoka kwa msanii moja kwa moja kwenda kwa mteja kupitia wewe wakala, hiyo ni mara ya kwanza haina hiyo asilimia. Lakini galari ikiinunua kwanza alafu ikaiuza, mauzo hayo ya pili ni ya marudio tayari. Na wewe ukinunua stoku yake yote unakuwa mkono mwingine kwenye mnyororo. Mwombe picha za wachoraji walio hai azirudishe kwao na wao wakuletee upya kwa mali kauli, yeye abaki na zilizo zake. Hata bei anayokutaka itashuka sana.

brashi_na_vumbi:

Mimi ni mchoraji, niko Queensland ya kati magharibi upande wa Longreach, naongea kama mtu anayening'inizwa ukutani sio anayemiliki ukuta.

Mama Zai unajua mchoraji anataka nini kwenye galari ya mbali? Apigiwe simu. Picha ikiuzwa nipigie siku hiyo uniambie nani kainunua, anatoka wapi, alisimama mbele yake muda gani, alisema nini. Kuna galari moja ya pwani sitaitaja walikuwa wanauza kazi zangu na mimi nagundua miezi baadaye nikiuliza, pesa ililipwa yes, lakini nilizitoa zote. Kuna mama mwingine galari yake ni banda la zamani la kukatia manyoya ya kondoo, anauza nusu ya idadi ile, na kazi zangu bora zote naanza kumpelekea yeye.

Pili, bei iwe moja. Nikiuza nyumbani kwangu kwa mtu aliyepita barabarani bei ileile ya galarini. Ukimkuta mchoraji anakuzunguka anauza nusu bei uani kwake, mwambie kwa heshima kazi haziwezi kuendelea kukaa kwako, hakuna galari inayoishi hivyo.

Tatu, na hapa nina hisia kali kidogo mnisamehe, sanaa ya bara sio sanaa ya daraja la pili. Galari ya jiji la Broken Hill imeanzishwa 1904, ndo kongwe kuliko galari zote za mikoani za New South Wales, kwenye mji wa wachimba madini! Pro Hart alikuwa anafanya kazi mgodini chini ya ardhi huku anachora, akaja kuwa mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi nchi hii, na akafungua galari yake hukohuko Broken Hill mpaka anafariki 2006, hakuhamia mji mkubwa. Yeye na Jack Absalom, Eric Minchin, Hugh Schulz na John Pickup waliungana 1973 wakajiita Brushmen of the Bush, wakawa wanafanya maonyesho ya kuchangisha fedha za misaada. Na Silverton hapo, kilomita kama 25 tu toka Broken Hill, wakazi wachache kabisa lakini galari ziko kadhaa na watu wanaendesha gari mahsusi kwenda kuziona. Kwaiyo kuhusu swali lako la kulisha familia, wapo wanaoishi nayo, lakini karibu wote ni wachoraji wanaouza na kazi zao wenyewe, au wana vyumba vya kulala wageni, au kahawa. Kama wewe huchori, kipato cha pili utakihitaji.

Kadi za posta na sumaku za friji usizidharau. Zinalipa pango. Ila uombe ruhusa ya maandishi ya msanii, picha ukiimiliki humiliki haki ya kuichapisha. Albert Namatjira mnamkumbuka, yule mchoraji mkubwa wa rangi za maji wa Hermannsburg aliyefariki 1959, hakimiliki ya kazi zake iliuzwa 1983 kwa kampuni ya uchapishaji na familia yake ikakaa bila chochote kwenye machapisho mpaka 2017 iliporudishwa. Kila ukichapisha kadi mpe msanii chake hata kama ni senti.

mtaa_wa_todd:

Nimekuwa nasubiri mtu aguse kazi za Waaborijini. Mimi nafanya kazi Alice Springs kwenye biashara hii, kwaiyo nitaandika kwa urefu.

Mama Zai, hizo nukta nukta zimetoka kwetu huku, sio kwenu. Uchoraji ule wa akriliki ulianzia Papunya 1971, wazee waliokuwa wamehamishiwa pale wakachora mural ya chungu wa asali kwenye ukuta wa shule, mwalimu wa shule hiyo Geoffrey Bardon akawa anawapa rangi na mbao, na mwaka uliofuata 1972 wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, ambayo mpaka leo inamilikiwa na Waaborijini na ina galari hapa Todd Mall. Michoro ile ina wenyewe, ni hadithi za ardhi za ukoo fulani, mtu wa ukoo mwingine hawezi kuamka tu akazichora. Sasa mtalii anaingia kwako New South Wales anaomba nukta kwa sababu anafikiri Waaborijini wote ni nukta. Ukimpa tu nukta umemwacha na ujinga aliokuja nao, na umewanyima nafasi watu wa ardhi uliyosimama juu yake.

Ardhi yenu ni ya Wawilyakali na Wabarkindji. Wabarkindji walitambuliwa na mahakama haki yao ya asili ya ardhi 2015, eneo kubwa sana upande wa mto Darling ambao wao wanauita Baaka. Na wana sanaa yao. Tafuta kazi za Badger Bates, Mbarkindji wa Wilcannia, anachonga mbao na mawe na machapisho yake ya lino (anachonga mchoro kwenye lino alafu anaugandamiza karatasini) ni mistari tupu, mto, samaki, nyoka wa maji, hakuna hata nukta ya utalii. Ni mmoja wa waliochonga yale mawe ya mchanga juu ya kilima nje ya Broken Hill 1993. Na mayai ya kuchongwa ya emu, yule ndege kama mbuni, umewahi kushika moja? Ganda la nje ni kijani karibu na weusi, chini yake kijani mpauko, chini zaidi nyeupe, mchongaji anakwangua tabaka kwa tabaka kwa kisu kidogo ili apate kivuli na mwanga, anajua kabisa akizidisha pumzi moja ya mkono yai linatoboka. Simulia hivyo mteja uone kama ataendelea kuulizia nukta. Uliza tu mayai yametoka wapi maana emu analindwa kisheria.

Ukitaka bado kuwa na kazi za jangwa la kati, chukua kwenye vituo vya sanaa vya jamii zenyewe, Desart ndo umoja wao na ofisi iko hapa Alice, kazi inakuja na cheti kutoka kituoni, jina la msanii, jamii yake, hadithi yake kwa kiasi alichoruhusu isimuliwe. Usinunue kwa mtu anayekuja na gari na kanvasi zimekunjwa kwenye buti. Kuna walanguzi wanaowaweka wazee kwenye vyumba vya moteli wachore kutwa kwa malipo ya gari bovu au pesa ya chakula, mambo haya yalifika mpaka Seneti ikafanya uchunguzi 2007, na hapo ndo ikazaliwa ile kanuni ya Indigenous Art Code. Jiunge nayo, soma masharti, weka nembo mlangoni.

Na vitu vidogo vya zawadi ndo hatari zaidi. Tume ya Tija ya serikali ilitoa ripoti 2022 kwamba zaidi ya nusu ya zawadi za mtindo wa Kiaborijini zinazonunuliwa ni feki, hazijatengenezwa na Waaborijini. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliipiga kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza bumarengi (zile fimbo za kurusha) na didjeridu (zile tarumbeta ndefu za mbao) zilizotengenezwa Indonesia huku zikiandikwa kama kazi ya mkono ya hapa. Kwaiyo hilo kapu la bumarengi la pale kaunta, maana najua lipo, kila galari ndogo ya njiani inalo, pekua moja moja, usiyoijua aliyeichonga iondoe.

Kitu kingine ambacho hutaambiwa na mtu. Msanii akifariki, kwenye jamii nyingi jina lake halitajwi na sura yake haionyeshwi kwa muda. Ukisikia msiba toa picha yake ukutani na kwenye tovuti, alafu wasiliana na familia au kituo uwaulize wanataka nini, wao ndo wanaamua ni lini jina lirudi. Usisubiri waje wakuombe.

MamaZai:

Jamani nimesoma hii usiku nikamsomea na mume wangu. Nashukuru mno, sikutegemea.

Kapu la bumarengi lipo kweli, nimelipekua leo asubuhi, nyingi hazina jina la mtu, zina stika tu ya kangaruu. Zinatoka. Nimeongea pia na yule mama kuhusu kurudisha kazi kwa wachoraji walio hai, mwanzoni alinyamaza, alafu akasema hata yeye hakuwa anajua bei ya kunipigia kwa picha za watu wengine na afadhali iwe hivyo, amekubali. Jina la biashara hataki tena alipwe, anaomba tu kazi zake zikae ukutani kwa kamisheni ya kawaida. Mtoto nimeshaweka miadi ya kupimwa damu.

Rekodi za mwezi kwa mwezi anazo kwenye madaftari, na kaka wa Perth ulikuwa sawa, miezi ya kumi na mbili mpaka wa pili ni karibu sifuri, alafu mwezi wa nane unapanda ghafla, ni lile tamasha la muziki la Mundi Mundi kule karibu na Silverton, maelfu ya watu wanapita na magari yao. Sasa nabaki na swali dogo: hiyo miezi ya joto nifunge kabisa au nifungue nusu? Watu wa hapa wanasema ukifunga watalii wanaandika mtandaoni kwamba mji umekufa. Na mkataba wa mali kauli naupata wapi ulioandikwa vizuri, maana nataka niende kwa wachoraji wa Wilcannia nikiwa na karatasi ya kuwaonyesha, sio maneno.

fundi_fremu:

Funga. Andika mlangoni na mtandaoni "kwa miadi", weka namba ya simu ya galari na ufunguo mwingine uwe kwa mtu wa hoteli unayemuamini, mteja wa kweli atapiga. Miezi hiyo ndo ya kutengeneza fremu, kuosha kuta, kuandika bei, kutembelea wachoraji, na kupumzika na mtoto, hakuna faida kuendesha kiyoyozi kutwa kwa ajili ya mtu mmoja anayetafuta choo. Alafu kwenye mtandao andika saa zako kwa uwazi kwamba unafuata saa gani, maana Broken Hill tunatumia saa za Australia Kusini, nusu saa nyuma ya Sydney, na hao wa kusafirisha mizigo wanachanganya kila mara. Ukiwa mji unaofuata saa za Sydney andika hivyo.

Kwa Mundi Mundi anza kujiandaa mwezi wa sita, sio wa nane. Kazi ndogo, mabomba ya kadibodi yawe tayari, na bei ya kutuma iwe imebandikwa.

hesabu_safi:

Mkataba: Arts Law Centre of Australia wana mifano ya mikataba ya mali kauli, na wana huduma ya bure kwa wasanii wa Kiaborijini, inaitwa Artists in the Black, kwaiyo wachoraji wa Wilcannia wanaweza kuusomesha kwa wanasheria wao kabla hawajasaini. Waambie hivyo wewe mwenyewe, na uwaachie karatasi waende nayo nyumbani, usisainishe siku hiyohiyo. NAVA, chama cha taifa cha sanaa za kuona, nao wana kanuni za mwenendo kati ya galari na msanii, zisome kuhusu muda wa kulipa.

brashi_na_vumbi:

Na ukifika Wilcannia usianze na karatasi Mama Zai. Kaa kwanza, kunywa chai, angalia kazi zao, uliza mto ukoje, maana huo mto ukikauka wao ndo wanaumia kwanza na ndo wanachochora. Karatasi itatoka kwenye begi siku ya pili au ya tatu.

mtaa_wa_todd:

Naunga mkono. Na kama kuna mzee atakwambia hiki usiuze, kibaki, usiulize mara mbili. Ukishafungua tuandikie tutume watu, wanaotoka huku Alice kwenda Sydney kwa gari wanapita upande wenu wengi kuliko unavyodhani.